Miaka 46, naanza chuo cha ualimu wa awali. Mliopita huko nisaidieni

Mama Leja

Habari zenu wapendwa. Nimekuwa mhasibu tangu nimalize masomo. Wanangu watatu wameshakua, wa mwisho yuko sekondari. Sasa nimepata nafasi ya kusomea ualimu wa elimu ya awali, masomo yanaanza muhula ujao. Sijafukuzwa kazi. Nimechoka tu kufunga hesabu za watu kila mwisho wa mwezi, na muda niliokuwa nafurahi kweli ofisini ni pale wenzangu walipokuja na watoto wao wakati wa likizo. Wote waliishia mezani kwangu, wanapanga vibanio vya karatasi kwa rangi.

Maswali yangu ni haya, msinicheke. Nimepewa orodha ya majina ya wataalamu wa elimu na makuzi ya watoto ya kuanza kusoma: Fröbel, Montessori, Piaget, Vygotsky. Nasoma usiku, asubuhi sikumbuki kitu. Kuna kukariri sana? Halafu mazoezi ya kufundisha: nasikia mwalimu atakayenisimamia anaweza kuwa binti wa miaka 25, na mimi huku kazini watu wa umri huo ndio ninaowasimamia. Halafu magoti, maana sijakaa sakafuni miaka mingi.

Ila linaloniumiza kichwa hasa ni hili. Mume wangu anasema kwangu itakuwa kama kunywa maji kwa kuwa nimelea watatu. Ni kweli kulea kunasaidia?

Kigoda Kifupi

Karibu dada. Mimi niliingia nikiwa na miaka 51, kwa hiyo wewe ni mdogo wangu.

Magoti yanazoea, mgongo ndio wa kuulinda. Ukitaka kumsikiliza mtoto, shuka kwa goti moja, usiiname kutoka kiunoni. Usimbebe mtoto anayeweza kupanda mwenyewe. Na vile viti vyao vidogo ni vya kukalia dakika chache tu. Ukiandika kumbukumbu zako, tafuta kiti cha mtu mzima, hata wakikutazama.

Hukuuliza kuhusu sauti, nami nakwambia: wengi wetu inaanza kukauka katika wiki za mwanzo. Usipige kelele kutoka upande wa pili wa chumba. Mfuate mtoto alipo, au anzisha wimbo ambao wanajua maana yake ni kukusanya vitu. Wataukamata kabla hujafika ubeti wa pili.

Sina Uhakika

Mimi nitakuwa mkali kidogo. Kabla ya nadharia, piga hesabu, na hesabu ndiyo kazi yako. Mazoezi ya kufundisha ni wiki nyingi za siku nzima, na mara nyingi hayalipwi. Mimi niliishia njiani kwa sababu hiyo, si kwa umri. Kama nyumbani hakuna kipato kingine cha kuwashikilia, uliza chuo kama unaweza kusoma huku ukiendelea na kazi.

Mwalimu Bibi

Dada Leja, mumeo amesema nusu ya ukweli. Kulea kunakusaidia usiogope kilio, kamasi wala suruali iliyolowa. Wasichana wadogo tuliosoma nao walikuwa wanatetemeka siku ya kwanza, sisi wakubwa tulikuwa tumeshamfuta mtoto na kumbadilisha.

Lakini mkono wa mama una haraka. Mtoto wa miaka minne anahangaika kuvaa kiatu, amekiweka mguu usio wake. Mama anachuchumaa, anamvalisha, shughuli imekwisha. Mwalimu anakaa kando anatazama: ameona kwamba hakikai? Anakigeuza? Anamwangalia mwenzake amefanyaje? Mwalimu aliyenisimamia aliniambia nikalie mikono yangu. Nilidhani ni utani. Nikaikalia kweli, na hapo ndipo nikaanza kuwaona watoto.

Na utaona vingi. Wawili wanacheza na mchanga bega kwa bega, hakuna anayemsemesha mwenzake. Mama ndani yako atataka kuwaambia wachezeni pamoja, mpeni mwenzenu. Mwaka 1932 mtafiti Mildred Parten alieleza mchezo wa aina hiyo, wa sambamba, kama hatua yake yenyewe miongoni mwa njia ambazo watoto wadogo hucheza. Ukilijua hilo unawaacha, na siku moja utaona koleo limehama kutoka mkono huu kwenda ule bila mtu kuamrisha.

Ndiyo maana nasema usikariri. Chukua kila jina utafute tendo lake. Piaget, kwa mfano: glasi mbili zinazofanana, maji sawasawa, mtoto akubali mwenyewe kwamba yako sawa. Kisha mbele ya macho yake mimina moja katika glasi nyembamba na ndefu. Muulize sasa ipi ina maji mengi. Ukishaona uso wa mtoto anayejibu, hutasahau tena, hata kwenye mtihani. Na mwambie mumeo kwamba Piaget naye alikuwa na watoto watatu na alijifunza mengi kwao. Ila yeye alikuwa anaandika.

Hapo kwenye kuandika, uhasibu utakubeba. Wanafunzi wengi huandika "Ni mkorofi." Hiyo ni hukumu. Andika: "Saa 3:10 amemwaga vibao vyote, amemtazama aliyekaa karibu naye, amecheka, ameanza kuviokota." Wewe umezoea kuingiza muamala kwanza, tafsiri baadaye. Fanya hivyohivyo.

Kuhusu umri, angalia orodha yako. Fröbel alizaliwa 1782, na shule yake ya watoto wadogo kule Bad Blankenburg, Ujerumani, aliianzisha 1837. Miaka 55! Montessori alianza kama daktari. Shule yake ya kwanza, "Nyumba ya Watoto", ilifunguliwa Roma Januari 1907 akiwa na 36. Kijana wao ni Vygotsky, aliyefariki kabla hata ya kufika 40.

Binti wa 25 (sasa 28)

Shikamoo mama Leja. Mimi ndiye huyo binti unayemwogopa, nami nilikuwa nakuogopa wewe.

Nimesimamia wakubwa kadhaa. Walionipa shida ni wale waliokubali kila nilichosema, kisha wakafanya walivyozoea nyumbani. Mmoja alikuwa ananiita "mwanangu" mbele ya watoto. Wakaanza kumuuliza yeye kama nimesema kweli. Aliyenifaa alikuja asubuhi na andalio la somo mkononi, akauliza, "Leo unataka nikae upande gani?" Kama hukubaliani nami, subiri watoto waondoke, uniambie wazi. Nimebadilisha mpangilio wa kona ya vitabu kwa sababu ya mwanafunzi mwenye mvi.

Na wazazi watakusikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi. Kila mwaka kuna anayelalamika kwamba mtoto wa miaka mitatu hajui kushika penseli. Mimi nikieleza kwamba mifupa midogo ya kifundo cha mkono wake bado kwa sehemu kubwa ni gegedu, yaani laini, haijawa mfupa mgumu, na kwamba kufinyanga udongo, kuchana karatasi na kubana vibanio vya nguo ndiyo maandalizi yenyewe ya kuandika, wananitazama kama mtoto mwingine. Yule mwanafunzi mwenye mvi alieleza maneno yaleyale, wakaitikia kwa kichwa wakamshukuru. Iliniudhi, lakini kazi ilifanyika.

Mama Leja

Asanteni sana. Sina Uhakika, hesabu nimeshapiga, tutabana lakini tutafika.

Mwalimu Bibi, sikungoja muhula uanze. Mtoto wa dada yangu ana miaka minne, nikamwekea glasi. Akasema ile ndefu ina mengi. Nikayarudisha: sawasawa. Nikamimina tena: mengi! Wala hakuona tatizo lolote. Nilitaka kumwelewesha hapohapo, kwamba tazama, ni yaleyale. Nikakumbuka kukalia mikono, hata ulimi ungekalika ningeukalia.

Swali dogo: hizo kumbukumbu mnaandikia wapi? Daftari kubwa si wanaliona wakaacha wanachofanya?

Mwalimu Bibi

Vikaratasi mfukoni na penseli fupi. Tarehe na saa kwanza, jioni unahamishia kwenye daftari. Wakikuuliza unaandika nini, wasomee. Na nunua nguo zenye mifuko mikubwa, maana humo pia watakuwekea mawe.