Mrejesho: ile picha ya kisahani cha McMinnville

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama picha mbili za kisahani kirukacho angani (UFO) alizopiga mkulima Paul Trent shambani kwake karibu na mji wa McMinnville, Oregon, Marekani, Mei 1950, ni za kweli au za kuchonga. Mmoja wenu akaniambia niache kukikodolea macho kisahani, nitazame vivuli. Nimevitazama.

Trent na mkewe walisema ilikuwa jioni. Sasa mbona ukuta wa gereji unaotazama mashariki una vivuli kama vya jua la asubuhi? Wanaomtetea wanadai ni mwanga uliotawanywa na mawingu. Labda, ila vivuli vyenyewe vimekatika vizuri mno.

Tena juu ya kisahani, kwenye picha zote mbili, zimepita nyaya. Hata mtaalamu wa tume ya Chuo Kikuu cha Colorado iliyochunguza taarifa za visahani hivyo, aliyepima mwanga kwenye picha akaona kitu kile huenda kilikuwa mbali kweli, hakuficha kwamba kingeweza kuning'inizwa hapo.

Kura yangu nimeihamishia kwa wanaosema kilitundikwa kwa uzi. Shemeji bado anabisha. Jana nimemtumia picha ya mfuniko wa sufuria nilioutundika kwenye kamba ya nguo. Ameisoma, hajajibu.