Naanza kutunza vitabu vya hesabu Mtwara, je nifundishe na programu au nibaki na vitabu tu?

mtunza_daftari
Wadau habari za saa hizi. Nimepata fremu ndogo Chikongola, mwezi ujao naanza kutunza hesabu za wenye maduka. Sasa kuna kitu kinaninyima usingizi, nichukue vitabu tu nimalize mwenyewe au nifundishe pia programu za hesabu, QuickBooks au Tally, kwa wateja na kwa vijana wanaomaliza TIA (chuo cha uhasibu) hapa kampasi ya Mtwara? Hela ya mafunzo naona inaingia haraka, ila vitabu ndo vinalipa kila mwezi. Waliopita njia hii naombeni ushauri.

BintiRuangwa
Kaka mi nilianza na darasa peke yake Lindi mjini. Walikuja 9, wiki ya tatu wamebaki 4. Akili wanazo, kosa lilikuwa langu, nilikuwa natumia ile kampuni ya mfano inayokuja na QuickBooks, mambo ya dola na kodi za Marekani, mtoto akitoka hapo ukimpa risiti ya EFD (mashine ya risiti ya TRA) yenye VAT, kodi ya ongezeko la thamani, 18% hajui aanzie wapi. Darasa lililofuata nikaomba risiti za duka la shemeji za mwezi mzima, kila mmoja akaingiza mwenyewe mpaka ripoti ikatoka. Hao walimaliza wote.

hesabu_safi_Masasi
Mi nasema fundisha, ila mfundishe mfanyakazi wa mteja wako. Nina mteja wa hadwea huku Masasi, alikuwa ananiletea risiti kwenye mfuko wa rambo mwisho wa mwezi, na unajua zile karatasi za EFD zikikaa kwenye joto zinafifia, unainua risiti dirishani huoni namba, na tarehe 20 ritani ya VAT inatakiwa. Nikakaa na binti wa kaunta jioni 5 wakishafunga duka. Mwezi wa kwanza ripoti ikaonyesha hasara kubwa, bosi akapaniki. Kumbe binti mzigo wa simenti ukiingia anaandika bili, siku ya kulipa badala ya kuilipia ile bili anaandika tena kama matumizi, kwaiyo simenti imenunuliwa mara mbili na deni la msambazaji liko palepale. Tukafungua bili moja moja, yeye anafuta mimi naangalia, hakurudia tena. Sasa hivi kazi iliyokuwa inanila siku 4 naifanya asubuhi moja. Na hawajaniacha, mana kulinganisha na taarifa ya benki na kufunga mwezi bado ni kazi yangu.

Mzee_wa_Shangani
Mwanangu, mimi napingana kidogo na wenzangu. Biashara changa haiwezi kubeba kazi mbili. Angalia kalenda ya huku kwetu, kuanzia Oktoba minada ya korosho ikifunguka mwenye duka hana hata dakika 10 za kukusikiliza, halafu Machi 31 ni mwisho wa makadirio ya kodi kwa wanaofunga mwaka Desemba, hapo wewe ndo huna dakika. Nafasi ya karibu ni Februari, la sivyo usubiri Aprili. Tafuta kwanza wateja wa vitabu hata 6 wakuzoee. Na usije ukaahidi mteja kwamba utamkagulia hesabu, hiyo saini ni ya mkaguzi aliyesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi.

fundi_tally
Upande wa programu sasa. Mwezi wa 5 mwaka 2024 mikongo ya intaneti ya baharini ilipokatika kila kitu cha mtandaoni kilisimama, mimi nikaendelea na kazi kwa sababu Tally iko ndani ya kompyuta na leseni unanunua mara moja. Ubaya wake inataka mtu azoee kibodi, mgeni anachoka. QuickBooks ni rahisi kwa macho ila Intuit wanasukuma watu kwenye ile ya mtandaoni, unalipia kila mwezi. Ila asee duka ambalo mauzo ya mwaka hayafiki milioni 200 na halijasajiliwa VAT, mpe Excel iliyopangwa vizuri, usimbebeshe mzigo. Na tafadhali usifundishie kopi ya wizi, siku ikigoma na data za mteja zimo humo utamwambia nini?

mtunza_daftari
Nawashukuru sana, mzee shikamoo. Nimeamua hivi, naanza na vitabu, darasa la vijana nimeliweka kando mpaka Februari. Ila kila mteja nitakayempokea mfanyakazi wake mmoja nampa jioni 5 ndani ya bei ya mwezi wa kwanza, kwa risiti zao wenyewe. Wa kwanza ana duka la vipuri vya pikipiki pale sokoni, hajafika VAT, kwaiyo Excel. @hesabu_safi_Masasi, hizo jioni 5 siku ya kwanza ulianza na mauzo au na madeni?

hesabu_safi_Masasi
Anza na kuhesabu stoku. Mhesabu wote wawili rafu kwa rafu, yeye anataja wewe unaandika. Usipokuwa na namba ya kuanzia, mwisho wa mwezi hutajua kilichouzwa na kilichopotea.