Wimbo wa "Sina Makosa" na ugomvi wa baba na baba mdogo: nimuulize au ninyamaze?

Binti wa Ngamiani

Salaam wakuu. Naomba msinicheke. Nina jambo linaninyima usingizi, na limeanzia kwenye wimbo.

Marehemu baba alikuwa fundi baiskeli Tanga, Ngamiani barabara ya 12. Alikuwa na redio kaseti ya National na kanda moja ya Les Wanyika, ambayo haikutoka humo ndani ila siku redio ikimeza utepe, akauchomoa taratibu na kuuzungusha kwa kalamu. Upande mmoja ulianza na "Sina Makosa". Kila jioni akishanawa grisi, unapigwa. Hakuimba wala kutikisa mguu. Alikaa kwenye benchi akausikiliza kama taarifa ya habari.

Utotoni niliuogopa. Kuna pale anaposema "wataka kuniua bure baba". Mimi nilijua huyo baba ni baba yangu, na mwimbaji anamlalamikia yeye. Nikawa najiuliza, jamani, baba kamfanya nini huyu mtu?

Mwaka 1998 shamba la michungwa la babu kule Muheza likauzwa. Baba ndiye mkubwa, ndiye aliyeshika hela, na baba mdogo akadai mgawo wake haukutimia. Wakaacha kusalimiana. Hata msiba wa bibi walikaa majamvi mawili. Baba hakuwahi kujitetea mbele yetu, ila jioni ikifika wimbo ni huo huo. Kwa hiyo nilipokua nikajiamulia mwenyewe: baba anasema hana makosa. Mwaka juzi nilipozushiwa kazini upotevu wa pesa za mauzo, nilikuwa nausikiliza kwenye daladala asubuhi na jioni, najiambia huu ni wimbo wa kwetu, wa watu tunaosingiziwa.

Baba amefariki mwaka jana. Wiki iliyopita nikausikiliza tena, safari hii neno kwa neno. Wakuu, wimbo wenyewe hauna shamba wala hela! Mwanamume anamwambia mwenzake una wako nyumbani nami nina wangu, hasira za nini. Ni wivu wa mwanamke. Hapo ndipo nikakumbuka shangazi aliwahi kuropoka jikoni kwamba "lile shamba lilikuwa kisingizio tu".

Nimeishiwa nguvu. Baba mdogo yupo hai, yuko Muheza, kapita miaka 70. Nimuulize? Au nimwachie baba wimbo wake?

Konda Mstaafu

Kwa hiyo miaka yote tunaucheza harusini kumbe tunacheza fumanizi, hahaha. Pole lakini dada.

Mzee wa Santuri

Binti, wewe ni mtu wa Tanga, hii inakuhusu. Wilson na George Kinyonga, ndugu wa damu, walipigia Jamhuri Jazz hapo hapo kwenu kabla ya kupanda Arusha. Mwaka 1971 wakaingia Nairobi na Simba Wanyika yao. Mwaka 1978 vijana wao wakajitoa, wakaunda Les Wanyika, na "Sina Makosa" ndiyo iliyowapa jina. Baadaye Issa Juma naye akatoka na Super Wanyika yake. Jina moja, watu wanagawana kama michungwa ya babu yako.

Sisemi wimbo ulihusu hayo, maneno yake yako wazi. Ila sisi wa rika la baba yako hatukusikiliza dansi kwa kutafuta mtunzi alimaanisha nini. Ulichukua mstari mmoja unaokugusa, mingine ukaiacha ipite na gitaa. Wimbo ni koti la mtumba, aliyelishona hakukupima wewe. Baba yako alichukua maneno mawili tu, "sina makosa". Hao wanawake wa kwenye wimbo huenda hata hakuwasikia.

Wakili wa Kijiweni

Naomba kutofautiana na mzee. Nimeusikiliza sasa hivi mara tatu. Jamaa anasema hana makosa, sawa, lakini sababu yake ni ipi? Kwamba kila mtu ana wake nyumbani. Huo nao ni utetezi? Kuwa na mke nyumbani kumemzuia nani?

Dada, baba kuupiga wimbo hakumtoi hatiani wala hakumtii. Kama shida yako ni hela za shamba, mauziano ya kijijini hushuhudiwa na serikali ya kijiji, kaulizie nakala. Kama shida yako ni huyo mwanamke, sasa ukishajua utafanya nini?

Mama Nasra

Mimi niko Muscat, kazi za ndani, mwaka wa sita huu. Wimbo wangu ni "Shida" wa Mbaraka Mwinshehe. Marehemu alikufa kwa ajali mwaka 1979, mimi hata sijazaliwa, Muscat yangu ataijulia wapi? Lakini usiku nikimaliza kupiga pasi nauweka, na ukiniambia haukuimbwa kwa ajili yangu tutagombana. Usiuache wimbo wako kwa maneno ya shangazi wa jikoni.

Otis wa Eastlando

Huku Nairobi hiyo ngoma haijawahi kutoka kwa matatu. Sasa sikia. Mzee wangu alikuwa anaiweka wakikosana na mathe. Hasemi kitu, anaweka tu. Mathe akisikia gitaa linaanza anajua mzee ameshuka, anaenda kuweka chai. Yaani mtu anaimba hana makosa na kumbe ndiyo njia yake ya kuomba msamaha. Labda budako hakuwa anajitetea. Labda alikuwa anangoja mtu aweke chai.

Binti wa Ngamiani

Wakili umenichoma, na sina jibu. Otis, wewe umeniliza hapa ofisini. Sikuwahi kulifikiria hilo hata mara moja.

Mama Nasra

Basi usimuulize habari za hela wala za mwanamke. Mpigie, mwamkie, mwambie umeikuta ile kanda. Halafu nyamaza umsikilize.

Wakili wa Kijiweni

Hapo nakubaliana na mama. Na shangazi asijue.

Binti wa Ngamiani

Mrejesho, wakuu. Ilinichukua siku nne kupata ujasiri.

Nimempigia jana baada ya magharibi. Shikamoo baba mdogo. Marahaba, nani mwenzangu? Nikajitaja. Kimya, nasikia kuku tu. Nikamwambia napanga vitu vya baba, nimekuta kanda ya Les Wanyika. Akauliza, "Kasha lina ufa? Na herufi M kwa wino mwekundu?"

Nikaenda kuangalia na simu iko sikioni. Ufa upo. M ipo, imefifia. Mimi kanda hii nimeiona maisha yangu yote na nilidhani M ni ya muziki.

M ni jina lake. Akasema, "Hiyo kanda ni yangu. Nilimwazimisha baba yako kabla ya mambo ya shamba. Nikajua hairudi tena, maana ili airudishe ingebidi tuonane."

Shamba hakulisema zaidi ya hapo, na mwanamke hakumtaja. Nami sikuuliza. Akauliza kama redio bado inafanya kazi. Nikamwambia inafanya, ila mlango wa kaseti umevunjika, tunaubana kwa kitambaa.

Akasema nije nayo hivyo hivyo. Jumamosi napanda basi la Muheza.