Gumzo la kikundi: Datsun ya Marhum Babu

*Ijumaa usiku*

Salim: Assalam aleikum jamaa zangu. Leo baada ya swala tumelitoa gari bandani. Datsun 240Z ya Babu, ya 1972, sasa iko uani kwa Ami hapa Tudor, Mombasa. Picha nimeziweka hapo juu. Wenye haki nalo ni wengi, kwa hivyo kabla spana haijaingia popote nataka tusemezane humu.

Shangazi Zuhura: Waaleikum salaam mwanangu. MashaAllah, nimeliona nikakumbuka harufu ya vile viti. Mola amrehemu. Bodi iko vipi? Usinifiche kitu.

Salim: Shikamoo Shangazi. Ukilitazama juu utasema zima. Kazi iko chini. Nilitoa betri, nikachokoa kile kibati inapokaa, bisibisi ikazama mpaka mpini. Upande wa dereva ukinyanyua zulia unaiona sakafu ya ua. Na zile reli mbili zinazopita chini, moja imeoza.

Ami Twahir: Hapo ndipo 240Z zote huanzia. Kibati cha betri kwa ajili ya asidi, kisha sakafu, reli, kizingiti cha mlango wa nyuma, na ile pembe ya bodi mbele ya tairi la nyuma. Hewa yetu hapa ina chumvi, imeongezea. Tena kuna gereji moja iliwahi kupaka puti, ule udongo wa kuziba bodi, juu ya kutu, marhum akiwa hai. Gonga kwa kidole usikie: penye chuma panalia, penye puti pamekufa sauti. Sumaku haishiki kabisa.

Hamadi: Shikamoo Ami. Mimi naona tukishaziba mashimo tuweke injini ya kisasa. Idris asema huko Dubai RB26, zile injini za Nissan Skyline GT-R, zinapatikana. Hapo tutatoka Tudor hadi Malindi kama risasi 🔥

Idris: Hamadi, mimi nilikutajia bei tu. Sikusema tuweke.

Ami Twahir: Marahaba Hamadi. Nisikilize mwanangu. Gari hili uzito wake ni tani moja na kidogo. Injini yake ni L24, silinda sita kwa mstari, cc 2,393, kabureta mbili. 240Z ndiyo iliyoshinda mbio za magari za Safari Rally za 1971, Edgar Herrmann akiendesha na Hans Schüller akisoma njia. 1973 ikashinda tena na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mwaka ule Mehta na Harry Källström walimaliza na adhabu sawasawa, wote wawili kwenye Datsun, na ushindi akapewa Mehta. Hizo zilikuwa barabara za matope na vumbi, mchana na usiku. Sasa lami ya Malindi itaishinda nini?

Hamadi: Ni kweli Ami, lakini hayo yalikuwa magari ya kiwanda. La Babu limelala miaka.

Fatma: Shikamooni wakubwa. Hamadi, nguvu si jambo la kwanza. Injini nzito yenye nguvu mara mbili itadai giaboksi yake, difu yake, breki zake, na bodi ya kuibeba, nayo bodi yenyewe ndiyo iliyooza. Siku tukitaka nguvu zaidi, L28 ya 280Z, ile Datsun iliyokuja baada ya hii, ni cc 2,753 na inakaa palepale pa L24, kwenye maunti zilezile. Hiyo tunaweza kuizungumza. RB26 mimi sikubali.

Fatma: Na kuna lojibuku. Namba ya chesisi inaanza na HS30, yaani ni la usukani wa kulia tangu kiwandani. Namba ya injini inalingana na lojibuku mpaka leo. Ukibadilisha injini ni ukaguzi na NTSA, wale wa usajili wa magari, upya. Na mkumbuke Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo hatuwezi kusema tutaagiza jingine. Ni hili tu.

Shangazi Zuhura: Maneno hayo. Sasa mimi ndiye mshika pesa. Niambieni pesa ya kwanza inaenda wapi, na msiniambie rangi.

Salim: Ya kwanza ni bodi, Shangazi. Gari hili halina chesisi ya peke yake, bodi ndiyo chesisi. Reli ikiwa imeoza, kila kitu kingine utakachofunga juu yake kinafungwa hewani.

Ami Twahir: Na fundi akija, asikate sakafu zote mbili kwa pamoja. Kwanza achomelee vyuma vya kushikilia ndani ya milango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Akikata bila vyuma bodi inajikunja kidogo tu, na hicho kidogo ndicho utakachopigana nacho maisha, mlango haufungi sawa. Reli mpya ziwe za bati nene kuliko la kiwanda. Akimaliza, ndani ya maboksi yote yenye uwazi tupulize ile nta ya kuzuia kutu. Kwa hapa Pwani hilo halina mjadala.

Shangazi Zuhura: Haya. Ya pili?

Ami Twahir: Breki. Hapa nina habari njema. Kalipa za mbele, yaani vile vyuma vinavyobana diski, za Hilux 4x4, zile za 1979 hadi 1985, zina pistoni nne, na mashimo yake ya bolti yanalingana na ya 240Z. Diski ya asili inabaki. Hakuna chuma cha gari kinachokatwa, ila kile kibati cha kuzuia vumbi nyuma ya diski, ambacho kinapunguzwa kidogo au kinatolewa. Kesho ukitaka kurudisha kalipa za Datsun, unafungua bolti mbili kila upande, basi. Na pedi za Hilux utazipata hata Garsen.

Hamadi: Subiri Ami. Breki za Hilux kwenye gari la spoti?

Ami Twahir: Ndiyo, na wanaozijua 240Z wamefanya hivyo miaka mingi. Ila usiishie kwenye kalipa. Pistoni nne zinakula mafuta mengi ya breki kuliko mbili. Ukiacha masta silinda ya asili, ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga, ya inchi 7/8, pedali itakwenda chini sana kabla hujashika. Tunataka ya 15/16, ya 280ZX. Nyuma tuache dramu zake, tubadilishe brakeshu na silinda ndogo za magurudumu.

Idris: Masta silinda niachieni mimi. Nitaitafuta huku.

*Jumamosi mchana*

Salim: Habari ya injini. Jana usiku tulitoa plagi zote sita tukatia oili kidogo kila tundu, tukaiacha ilale nayo. Leo Ami akaweka spana kwenye bolti ya puli ya mbele, akazungusha kwa mkono, polepole. Starta hatukuigusa. Imezunguka mzunguko mzima bila kukwama 🤲

Shangazi Zuhura: Alhamdulillah!!

Ami Twahir: Si kwamba iko tayari. Tutapima presha ya kila silinda, na ninachokitafuta ni zote sita zikaribiane. Moja ikiwa chini peke yake, tunashusha kichwa cha injini. Tukikishusha, basi tumwambie fundi wa mashine aweke viti vya valvu vya chuma kigumu, kwa sababu injini hii ilizaliwa enzi za petroli yenye madini ya risasi (ledi), nayo Kenya iliachana nayo 2006.

Hamadi: Na zile kabureta? Tuweke injekta?

Ami Twahir: Kabureta zinabaki. Ni Hitachi zenye kengele, aina ya SU, na ni rahisi mno ukizijua. Nitakufundisha mwenyewe. Unachukua mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta. Unasikiliza mvumo wa hewa. Unahamia ya pili. Unazungusha skrubu mpaka mvumo uwe mmoja kwa zote mbili. Na juu ya kila kengele kuna kifuniko cheusi, ukikifungua kina fimbo ndogo, humo mnatiwa oili nyepesi. Wengi hawaijui, gari linakuwa linasita kila ukikanyaga, halafu kabureta inalaumiwa.

Hamadi: Ami nitakuja Jumamosi ijayo. Wallahi nataka kujifunza hilo.

Fatma: Upande wa umeme nipeni mimi, nitashuka na treni wiki mbili zijazo. Kwenye gari hili umeme wote wa taa kubwa unapita ndani ya swichi ya usukani. Swichi inapata moto, plastiki inayeyuka, na swichi ya asili kuipata ni shida. Nitaweka relei mbili karibu na betri, waya mnene wenye fyuzi yake kutoka betri hadi taa. Swichi itabaki kuamrisha relei tu. Taa zitang'aa na swichi itakaa.

Fatma: Platini za distributa nazo, zile za kukata umeme wa plagi, tuzipumzishe. Distributa ya elektroniki ya 280ZX inaingia palepale. Alternata pia ya 280ZX, ampea 60, yenye regyuleta ndani yake. Ya asili haitoshi tukiongeza chochote.

Idris: Tukishafika kwenye alternata, je AC? Mama zetu watakaa ndani ya gari lile Februari?

Fatma: AC inawezekana kaka, ila baada ya alternata na rejeta mpya, si kabla.

Shangazi Zuhura: Kila mtakachokitoa mkifanyie nini? Naogopa fundi atauza.

Salim: Kila kilichotoka kinafutwa, kinatiwa mfukoni na karatasi yenye jina na tarehe, kisha kinakuja kwako Shangazi. Distributa, kalipa, alternata, hata kibati cha vumbi. Hamna kitu cha Babu kitakachotupwa.

Shangazi Zuhura: Hapo nimetulia. Matairi je? Naona yana meno mengi, tuyaache tupunguze gharama.

Salim: Hapana Shangazi, hayo yasiguse barabara. Ubavuni yameandikwa 3809, yaani wiki ya 38 ya 2009. Meno yapo lakini mpira umekauka, ukiukunja kidogo unaona nyufa. Tairi likipasuka daraja la Kilifi hakuna breki ya Hilux itakayosaidia.

Hamadi: Basi niachieni rangi angalau. Nyekundu, boneti nyeusi, kama lile la Safari 1971 ambalo Nissan wamelihifadhi kwao Japan. Itapendeza sana.

Fatma: Nyanya amesikia habari hii akanipigia. Ametuma sauti, nawaandikia maneno yake:

*"Hamadi mjukuu wangu, nyekundu ni nzuri, lakini babu yako alilinunua jeupe na mimi nilipandishwa jeupe. Lirudisheni hivyo. Na msilitengeneze likae kwenye banda kutazamwa na wageni. Alikuwa akilipeleka Malindi kununua maembe. Nitengenezeeni nipande, tena mniwekee mkanda unaonyooka na kujivuta, ule wa kwake ulikuwa unanibana."*

Hamadi: Nyanya akisema, imekwisha. Nyeupe.

Salim: Kibati cha namba ya rangi kimo ndani ya boneti: 904. Kwenye orodha za Datsun nyeupe hiyo huitwa Kilimanjaro White. Fundi wa rangi tutampa namba, asikisie kwa macho. Na mikanda ya kujivuta tutaweka, sehemu za kufungia bolti zipo tayari kwenye bodi.

Ami Twahir: Rangi ni mwisho kabisa. Nataka gari liendeshwe kwanza likiwa na praima, ile rangi ya chini, Tudor hadi Mtwapa na kurudi, siku kadhaa. Panapovuja tupaone, panapogonga tupasikie. Ukishapaka rangi unaogopa kulifungua tena.

Shangazi Zuhura: Nimeelewa. Mchango wa mwezi huu ni wa bodi na breki peke yake. Nitumieni kwenye ile laini yangu ya M-Pesa, kila mmoja aandike jina. Hamadi wewe bado unasoma, mchango wako ni mikono yako.

Hamadi: Sawa Shangazi. Nitakuja na ovaroli.

*Jumanne asubuhi*

Idris: Asalaam. Masta silinda nimeipata, 15/16, mpya ndani ya boksi. Muuzaji ana na mipira ya breki, ile inayopitisha mafuta. Ya kwetu Ami alisema kwa nje ni mizima. Nichukue au niache?

Ami Twahir: Chukua yote, ya mbele na ya nyuma. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani nje ukionekana mzima, unakanyaga breki inashika halafu haiachii. Na uangalie nyuzi za nati kabla hujalipa, paipu za Hilux na za Datsun hazifanani. Nitakupigia video nikiwa na paipu mkononi.

Idris: Nipe saa moja nifike dukani.