Manjano na saratani: hospitali zinatunyima tiba?

Mwana wa Muheza: Wakuu, kurkumini, ile inayoyapa manjano rangi, inaua seli za saratani maabara miaka nenda rudi. Mbona hospitali hawaiandiki? Mama mkubwa yuko kwenye mionzi, nimpe?

Tabibu Mkaidi: Kisahani cha maabara si mwili. Ukiimeza, ini linaivunja upesi, damuni inafika kiduchu. Na unga wenyewe una kurkumini kama asilimia 3 tu. Houston, Marekani, waliwapa wagonjwa wa saratani ya kongosho gramu 8 kwa siku. Majibu ya 2008, kati ya 21 walioonyesha dalili ya kunufaika ni wawili. Wauza vumbi hawayasemi hayo.

Bi Viungo: Vumbi?! Nachemsha manjano, naanika juani, natwanga kwa mikono hii mpaka kucha zinabaki njano wiki nzima. Vumbi hilo limesomesha wanangu. Nani kakwambia nauza dawa ya saratani?

Tabibu Mkaidi: Sijakutaja, dada.

Bi Viungo: Umetutaja wote. Omba radhi.

Kachero wa Pwani: Kama ni vumbi, Wamarekani waliitakia nini? Chuo cha Mississippi kilipewa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya manjano kutibu vidonda, 1995. Wahindi wakapeleka maandiko yao ya kale, ikafutwa 1997. Wizi mtupu!

Shangazi Mpole: Vidonda, baba, si saratani. Na yule mtafiti Aggarwal wa Houston, aliyeipigia debe kurkumini kuliko wote, majarida yamefuta makala zake zaidi ya 20.

Kachero wa Pwani: Kwa hiyo mmea wetu ukisifiwa ni uongo? Vinkristini, dawa ya saratani, imetoka kwenye ua la Madagaska, na watoto wetu wenye uvimbe wa taya wa Burkitt wanachomwa hiyo hiyo!

Tabibu Mkaidi: Ndiyo, lakini ilichujwa, ikapimwa kwa wagonjwa, inaingia kwenye mshipa kwa kipimo. Hakuna anayetafuna ua.

Mwana wa Muheza: Jamani, mama mkubwa?

Shangazi Mpole: Ya kwenye mchuzi mpe, mwanangu. Vidonge vya kopo waulize kwanza wanaomtibu. Vingi vina pilipili manga ili kurkumini ifyonzwe zaidi, na hiyo inaweza kuvuruga mwili unavyozivunja dawa nyingine.

Kachero wa Pwani: Mnalikwepa la hataza. Waliilipa India kiasi gani?

Bi Viungo: Na mimi nasubiri radhi yangu.