Nafungasha nini kwenda sehemu ya joto na fukuto?

mgeni_wa_joto:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Mwezi ujao nasafiri kikazi kwenda ukanda wa tropiki, na nasikia huko joto lenyewe linakuja na unyevu, yaani nguo ukifua asubuhi jioni bado mbichi. Mimi nimezoea baridi kavu. Mpaka sasa nimeweka jinzi mbili, tisheti za pamba kibao, viatu vya ngozi na kamera. Kuna dawa pia nakunywa kila siku. Niko sawa au kuna vya kutoa?

Tembea_Mwepesi:
Karibu mkuu. Toa jinzi zote mbili, nakusihi. Jasho linapooza mwili pale linapokauka, sasa hewa ikishajaa mvuke halikauki, linatiririka tu na wewe unabaki na moto wako, ndo maana nyuzi 33 za huko zinachosha kuliko 38 za nchi kavu. Jinzi ikilowa unaitembeza siku nzima. Pamba nyepesi sawa, ila nzito inakaa na maji, afadhali kitani au zile tisheti nyembamba za michezo, na zisikubane. Halafu usibebe nguo nyingi! Nguo nne tano ukazifua kila jioni zinatosha kabisa, kamba nyembamba ya kuanikia beba. Nguo yenye unyevu usiifungie kwenye begi hata usiku mmoja, inavunda na harufu haitoki kirahisi. Sweta jepesi weka moja, mabasi na ofisi zenye kiyoyozi utatetemeka.

mama_wawili:
Nyongeza kwa alichosema kaka hapo juu, usisahau mbu. Watu wanadhani mbu ni wa usiku tu, anayeleta malaria ndiyo usiku, lakini wa dengi anauma mchana kweupe, kwa hiyo suruali ndefu nyepesi na mikono mirefu vinakusaidia kuliko kaptula. Dawa ya kupaka tafuta yenye DEET (kemikali ya kufukuza mbu) asilimia 20 mpaka 30. Unaanza losheni ya jua, ikishaingia ndo unapaka ya mbu juu yake. Na nenda kwa daktari mapema, SASA HIVI kama safari ni mwezi ujao, kwa sababu dawa za kinga ya malaria nyingine zinaanzwa siku moja au mbili kabla, nyingine wiki mbili au zaidi, na unaendelea nazo hata ukisharudi. Cheti cha homa ya manjano kinaanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, kama nchi unayoenda inakidai usingoje wiki ya mwisho.

lenzi_safi:
Kamera mkuu ilinde sana. Ukitoka nayo chumba chenye kiyoyozi ukaitoa nje ghafla, lenzi inajaa ukungu papo hapo na maji yanaweza kuingia ndani. Iache kwenye begi lililofungwa mpaka ipate joto la nje. Weka na vile vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu, lenzi ikikaa na unyevu muda mrefu inaota fangasi na kusafisha ni kazi kubwa. Dawa zako ziache kwenye pakiti zake, mkoba wa mkononi, pamoja na karatasi ya daktari. Usiziweke bafuni, na soma boksi limeandika zihifadhiwe kwenye joto lisilozidi nyuzi ngapi.

mgeni_wa_joto:
Asanteni sana aisee, jinzi zimetoka. Kwa daktari naenda kesho. Na viatu je?

Tembea_Mwepesi:
Vya ngozi viache, vinaota koga. Sandali imara na raba nyepesi zinazopitisha hewa, uwe unabadilisha, leo hiki kesho kile, ili kingine kipate kukauka. Soksi badili kila siku, ukioga kausha katikati ya vidole vizuri, fangasi wa miguu huko wanaanzia hapo. Na kama mapaja yanasuguana paka vaselini kabla hujatoka, usisubiri yachubuke.

mama_wawili:
Na pakiti za ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) weka kadhaa, jasho linatoka na chumvi, ukihara ndo usiseme.