Maynooth au Galway? Nina nafasi kote kuwili, naomba ushauri

Kijana_wa_Kitunda
Wakuu, habari za wakati huu. Nimepata nafasi ya uzamili Ireland katika vyuo viwili, Chuo Kikuu cha Maynooth na Chuo Kikuu cha Galway. Natakiwa kulipa fedha ya kushikilia nafasi kabla mwezi haujaisha, na uwezo wa kulipa kote kuwili sina. Tovuti zao nimezisoma na kila chuo kinajisifu. Nataka kusikia kwa mtu aliyeishi huko: wapi maisha ya mgeni ni nafuu, na wapi pamechangamka? Napenda pia mji wenye historia yake. Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Bandari
Mkuu, umeuliza bei bila kusema unanunua nini. Unasomea fani gani? Ada analipa nani? Unakwenda peke yako au una familia? Jibu hayo kwanza, la sivyo kila mtu hapa atakusifia mji wake.

Binti_wa_Corrib
Galway, wala usijiulize. Nimesoma pale na ningerudi hata kesho. Kutoka kituo cha treni pale Eyre Square unatembea kwa miguu hadi chuoni. Unapita madukani, unavuka daraja la Salmon Weir jirani na kanisa kuu, na msimu wake ukifika ukiinama ukingoni unawaona samaki wa salmoni wamejipanga majini, vichwa vyote vimeelekea mkondo unakotoka. Jumamosi kuna soko la mtaani pembeni mwa kanisa la Mtakatifu Nikola, kanisa la mwaka 1320 ambalo bado watu wanasali. Kiayalandi utakisikia midomoni mwa watu, maana vijiji vya Connemara vinavyokizungumza haviko mbali. Maynooth ni barabara moja na mfereji.

Fundi_wa_Leixlip
Dada yangu, hiyo barabara moja imebeba mambo mazito. Mtoa mada amesema anapenda historia, basi asikilize.

Kwenye lango la kampasi ya kusini yamesimama magofu ya ngome ya akina FitzGerald, ukoo uliokuwa na nguvu kuliko wote Ireland. Mwaka 1534 kijana wao Thomas, anayejulikana kama Silken Thomas, alimwasi mfalme Henry wa Nane. Machi 1535 jeshi la William Skeffington likaipiga ngome ile kwa mizinga, na walinzi waliosalimu amri wakauawa. Thomas naye alinyongwa London mwaka 1537 pamoja na ami zake watano. Unapita kwenye kuta hizo ukienda maktaba.

Seminari ya Maynooth, chuo cha mapadri, ilianzishwa mwaka 1795, baada ya mapinduzi ya Ufaransa kufunga vyuo vya Ulaya ambako mapadri wa Ireland walikuwa wakisomea. Walei walianza kupokelewa 1966, na 1997 chuo kikuu kikatengwa na seminari. Seminari bado ipo. Kampasi ya kaskazini iko ng'ambo ya barabara.

Karani_Mstaafu
Kabla hamjagombana zaidi, vyuo hivi viwili vinakutana mwaka 1845. Mwaka huo serikali ya Robert Peel, waziri mkuu wa Uingereza, ilipandisha ruzuku ya Maynooth kutoka takriban pauni 9,000 hadi zaidi ya 26,000 kwa mwaka, tena ikatoa pauni 30,000 za majengo. Waprotestanti wa Uingereza waliwaka, na Gladstone akajiuzulu uwaziri kwa ajili ya suala hilo. Mwaka huohuo Peel akaanzisha vyuo vya Belfast, Cork na Galway visivyofungamana na dhehebu lolote, na safari hii waliokasirika ni maaskofu Wakatoliki: waliviita vyuo visivyo na Mungu, na sinodi yao, yaani mkutano wao, pale Thurles mwaka 1850 ikavipinga. Galway ilifungua milango 1849 ikiwa na wanafunzi 68, huku nchi ikiwa katika njaa kuu. Huwa nafikiria sana hao 68, vijana walioingia darasani wakati nje watu wanakufa barabarani.

Kijana_wa_Kitunda
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Fani ni takwimu na sayansi ya data. Maynooth wamenipunguzia ada kwa nusu, Galway hawajanipa kitu. Nina mke na mtoto wa miaka miwili, na nilipanga twende wote.

Mzee_wa_Bandari
Hilo la familia ndilo lilipaswa kuja kwanza. Mwanafunzi wa kutoka kwetu anapewa kibali kinachoitwa Stamp 2, nacho hakikupi haki ya kuleta mke na mtoto. Utafanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na saa 40 kuanzia Juni hadi Septemba, na tena katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa yuro 13.50 kwa saa. Kadi ya ukaaji ni yuro 300. Ukimaliza uzamili unaweza kupata Stamp 1G hadi miaka miwili ya kutafuta kazi. Zungumza na mama watoto leo, usimwache akapanga safari.

Salma_Pangani
Mimi nitasema la nyumba, kwa sababu ndilo lililoniumiza.

Nilipata chumba Maynooth, nyumbani kwa familia. Mwenye nyumba mama mmoja, chumba kisafi, tukakubaliana kodi ya mwezi, nikalipa. Nilipewa rafu moja ya friji, ya chini kabisa, na saa za kutumia jiko. Nikaona sawa, ni kwake. Alhamisi ya wiki ya kwanza akaniuliza kesho naondoka saa ngapi. Naondoka kwenda wapi? Akaniambia chumba ni cha Jumatatu hadi Ijumaa, wikendi binti yake anarudi na kitanda ni chake. Hakuwa ametamka neno hilo wakati anapokea fedha. Kwao ni kawaida: Ijumaa mchana nenda kituo cha Maynooth uone wanafunzi wanavyokokota mabegi kurudi kwa wazazi. Mimi kwetu ni Pangani. Nililala kwenye kochi la mama mmoja Mkongo niliyemfahamu kanisani, kule Blanchardstown, kitongoji cha Dublin, na kila Jumapili usiku narudi na begi langu kama mgeni.

Nilipofuatilia nikaambiwa anayeishi ndani ya nyumba ya mwenyewe halindwi na sheria ya wapangaji kama mpangaji wa kawaida. Kwa hiyo mdogo wangu, uliza kwa maandishi: ni siku saba au tano? Jiko natumia lini? Nikitaka kuondoka narudishiwa nini?

Binti_wa_Corrib
Pole sana dada Salma.

Fundi_wa_Leixlip
Pole dada. Lakini tusiseme Galway ni nafuu. Kule vyumba ni vya kugombania, na mwisho wa Julai mbio za farasi za Ballybrit zikianza, bei ya malazi inapaa. Maynooth ukikosa chumba unapanga hata mbali kidogo, maana treni inafika kituo cha Connolly, Dublin, na kuna mabasi ya C3 na C4. Galway hadi Dublin ni saa mbili na nusu kwa treni. Kwa fani yake, Maynooth kuna Taasisi ya Hamilton, na Intel, watengenezaji wa chipu za kompyuta, wako Leixlip, kituo kinachofuata tu.

Binti_wa_Corrib
Galway kuna kituo cha Insight cha hiyohiyo sayansi ya data, na viwanda vya vifaa tiba vimejaa. Usimnyime taarifa.

Karani_Mstaafu
Mwanasayansi wa Maynooth anayestahili kutajwa ni padri Nicholas Callan, aliyebuni koili ya induksheni, kifaa cha kupandisha volti ya umeme, mwaka 1836. Alikuwa akipima nguvu ya umeme wake kwa wanafunzi. Mmoja wao, William Walsh, alizimia. Baadaye akawa Askofu Mkuu wa Dublin.

Mama_Lodwar
Na sisi wa Turkana tunaufahamu Maynooth bila kufika. Mapadri wa Kiltegan waliotuletea shule na zahanati, shirika lao lilianzishwa 1932 na padri aliyesomea huko.

Kijana_wa_Kitunda
Nimezungumza na mke wangu, tumenyamaza wote kwa muda. Punguzo la ada linanivuta Maynooth, ila habari ya chumba cha siku tano imenitisha. Nimeandikia ofisi za malazi za vyuo vyote viwili, nasubiri. Salma, yule mama wa Blanchardstown bado yupo?

Salma_Pangani
Yupo. Njoo faragha nikuunganishe.

Mama_Lodwar
Mwanangu atakula nini huko? Unga wa ugali unapatikana?

Fundi_wa_Leixlip
Unapatikana mama, Moore Street Dublin kuna maduka ya Waafrika na Waasia. Sukuma ndiyo usiseme: wenyewe wanaichemsha, wanaiponda na viazi na siagi, hasa mwisho wa Oktoba, wanaita colcannon.

Binti_wa_Corrib
Hiyo hata Galway ipo, na samaki wetu ni wabichi kuliko wa Dublin.

Fundi_wa_Leixlip
Wabichi, lakini bei yake je?